Sura ya Sita: Bawa Lililoogopa Mvua

Mwaka 1976 Burt Rutan alianza kuuza michoro ya ndege ndogo ya watu wawili ambayo mtu angeweza kuijenga mwenyewe kwenye banda la gari. Aliiita VariEze. Injini na propela zilikaa nyuma, mkia wa kawaida haukuwepo, na huku mbele, karibu na pua, palikuwa na kibawa chembamba na kirefu kilichosaidiana na mabawa makubwa kuibeba ndege. Hata ujenzi wake ulikuwa mgeni kwa mafundi wa wakati ule. Unakata vitalu vya foamu kwa waya uliopashwa moto, unavivika kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa kwa gundi ya epoksi, unasubiri kikauke, kisha unapiga pati na msasa. Kalibu haikuhitajika, wala mashine ya kukunjia bati. Kilichohitajika ni subira, maana kupiga msasa ndiko kulikokula muda.

Jasho hilo lililipa. Kwa injini ya Continental ya nguvu za farasi 100, VariEze ilikaribia kilomita 300 kwa saa. Cessna 150, yenye injini ya jamii hiyo hiyo, huenda takribani 200. Mtu akiona tofauti kama hiyo huanza kuuza pikipiki yake anunue epoksi, na wengi walifanya mambo yanayofanana na hayo.

Halafu marubani wakaanza kukutana na mvua.

Si dhoruba, mvua ya kawaida tu, ambayo dereva wa lori asingeipunguzia mwendo. Matone yalipoanza kulipiga bawa la mbele, pua ya ndege iliinama. Rubani alivuta fimbo ya usukani, pua ikarudi, lakini sasa ilimbidi aendelee kuivuta, au aurekebishe mkao wa usukani, hadi atoke mvuani. Ukiwa juu sana, hilo ni kero. Ukiwa unakaribia kutua ni jambo jingine, kwa sababu ndege isiyoweza kuinua pua vizuri inalazimika kutua kwa kasi kubwa zaidi na kula urefu zaidi wa uwanja. Kilichowachanganya watu ni kwamba ndege hazikufanana. Hii iliinama sana, ile iliinama kidogo, nyingine haikumsumbua mwenyewe hata kidogo, na zote zilitoka kwenye michoro ile ile.

Karakana ya Rutan ilikuwa Mojave, California. Mojave ni jangwa, na mvua huko ni habari ya kusimuliana.

Tuseme basi una ndege ya namna hiyo na unataka kujua hewa inafanya nini juu ya bawa. Hewa haionekani, na ndege haielezi. Kinachokufikia mkononi ni matokeo tu: fimbo imekuwa nzito, pua imeinama, bawa moja limelala. Chanzo chake kinaweza kuwa popote, kuanzia kwenye kona ya mbawa na kiwiliwili hadi kwenye mfuniko wa tangi uliokaa vibaya. Kifaa cha kwanza cha kumwonyesha mjenzi mkondo wa hewa hakihitaji mtaalamu. Ni uzi wa sufu.

Unanunua donge moja la uzi wa kufumia sweta, wa rangi inayopingana na rangi ya ndege. Ndege nyingi za faibaglasi hupakwa nyeupe ili jua lisiilegeze epoksi, kwa hiyo uzi mweusi au mwekundu unafaa. Unakata vipande vya urefu wa kiganja. Unalifuta bawa kwa spiriti mpaka nta yote itoke, la sivyo selotepu haitashika. Kila kipande unakibandika kwa ncha yake ya mbele tu, safu kwa safu, ili mkia wake ubaki huru. Hapa kuna ufundi mdogo ambao wengi huupuuza: uzi mrefu mno unajichapa na kujisokota wenyewe kwa wenyewe, na uzi mfupi mno hausogei. Na ukingo wa mbele kabisa wa bawa usiubandike kitu, maana selotepu yenyewe inaweza kuivuruga hewa uliyotaka kuitazama. Zamani ilibidi ndege ya pili iruke ubavuni na mpiga picha ndani yake. Leo kamera ndogo hufungwa kwenye mkia au ncha ya bawa, na rubani anarudi na filamu nzima.

Kuzisoma nyuzi si kazi ngumu. Zikilala tuli zikielekea nyuma, hewa imeshikamana na bawa. Zikitetemeka, hewa imeshikamana lakini imevurugika. Zikianza kuyumba huku na huku, kusimama, au kugeuka zikielekea mbele, hapo hewa imebanduka, na sehemu ile ya bawa haibebi tena ipasavyo. Ukipunguza mwendo polepole ukiwa juu, futi 5,000 au zaidi kutoka ardhini ili upate nafasi ya kujinasua, utaona ubandukaji unavyoanza mahali fulani na kusambaa. Kwenye ndege nyingi za kawaida huanzia nyuma ya bawa, karibu na kiwiliwili, na huo ni mwanzo mzuri, kwa kuwa ncha za mabawa, zenye vidhibiti vya kulalia upande, zinabaki zikifanya kazi. Ukianzia nchani, bawa moja litaanguka kabla ya jingine na ndege itaanza kuzunguka huku ikiporomoka.

Lakini nyuzi zina mipaka. Zinaonyesha vizuri mahali hewa ilipobanduka, ila haziwezi kukuambia kwa usahihi mahali ambapo hewa laini inageuka kuwa hewa iliyovurugika, na siri ya VariEze ilikuwa hapo hasa.

Mwaka 1904, kwenye mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg, Ludwig Prandtl alieleza kwamba mambo makubwa ya hewa inayopita juu ya kitu hutokea kwenye utando mwembamba sana unaokigusa. Hewa inayogusa bawa imenata nalo, haiendi popote. Iliyo juu yake kidogo inajikokota, na ya juu zaidi inakimbia, kama maji ya mto yanavyokwenda kasi katikati na kulegea ukingoni. Juu ya bawa la ndege ndogo utando huo una unene wa milimita chache. Mwanzoni, karibu na ukingo wa mbele, unaweza kuwa laini: tabaka linateleza juu ya tabaka bila kuchanganyika. Baadaye unavurugika, tabaka zinachanganyika, utando unanenepa na msuguano unapanda.

Hapo ndipo kishawishi kilipo. Hewa laini ina msuguano mdogo, na msuguano mdogo maana yake ni mwendo zaidi kwa mafuta yale yale. Bawa la bati lenye vichwa vya ribiti ni nadra kuibakiza hewa laini kwa umbali mrefu. Bawa la faibaglasi, lililopigwa msasa hadi likang'aa, linaweza. Kwa bawa la mbele la VariEze, Rutan alichagua umbo lililobuniwa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, linalojulikana kwa herufi GU, ambalo lilitoa nguvu kubwa ya kuinua kutoka kwenye kibawa chembamba. Umbo hilo lilitegemea hewa laini. Ilimradi utando ulibaki laini, kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa.

Sasa tone la mvua linatua juu ya bawa lililopakwa nta. Halitandazi, linasimama kama kiduara. Mamia ya viduara hivyo karibu na ukingo wa mbele yanatosha kuuvuruga utando kabla ya wakati wake. Utando uliovurugika mapema umeshanenepa na kuchoka unapofika sehemu ya nyuma ya bawa, ambako shinikizo linapanda haraka na hewa inapaswa kuupanda mlima huo kwa nguvu ilizobakiwa nazo. Umbo la GU liliuweka mlima huo ukiwa mkali. Hewa haikuumudu, ikabanduka, na nguvu ya kuinua ikapungua. Kwa kuwa bawa lenyewe lilikuwa mbele kabisa ya ndege, pua iliinama.

Na ndiyo sababu ndege ndugu hazikufanana. Kila mjenzi alikata foamu yake na kupiga msasa wake. Aliyezidisha milimita moja hapa na kupunguza pale alikuwa ametengeneza bawa lake mwenyewe, hata kama hakukusudia. Kwenye kiwanda, ndege moja inajaribiwa kwa niaba ya elfu zinazofuata. Ndege ya nyumbani inajiwakilisha yenyewe tu, na naona watu wengi wanaonunua ndege iliyojengwa na mwingine husahau hilo haraka sana, wakidhani sifa za aina ni sifa za ndege iliyo mbele yao.

Wahandisi wa NASA wa kituo cha Langley, Virginia, walilifuatilia jambo hili kwa vifaa ambavyo hakuna mjenzi wa nyumbani angeweza kuviota. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliingiza VariEze nzima, ya ukubwa wake halisi, kwenye handaki lao la upepo lenye mdomo wa futi 30 kwa 60, lililofunguliwa mwaka 1931. Walilinganisha bawa la mbele lenye hewa laini na bawa lile lile likiwa limebandikwa ukanda wa chembe za mchanga karibu na ukingo wa mbele ili kuuvuruga utando kwa makusudi. Waliponyunyizia maji, jibu lilikuwa la mwelekeo ule ule: bawa la mbele lilipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Kundi jingine la hapo hapo Langley, likiongozwa na Bruce Holmes, liliifuata hewa laini angani kwenye ndege mbalimbali, VariEze na nduguye Long-EZ zikiwamo. Njia yao inanipendeza kwa unyenyekevu wake. Bawa hupuliziwa kemikali ya jamii moja na vidonge vya kuzuia nondo kabatini, ambayo hukauka na kubaki unga mweupe. Ndege inaruka kwa mwendo mmoja na kimo kimoja kwa muda. Mahali hewa ilipovurugika inaupangusa unga haraka mpaka rangi ya bawa inaonekana; mahali ilipo laini, unga unabaki. Ukitua, mpaka umechorwa juu ya bawa na unaweza kuupima kwa rula. Kila mdudu aliyejigonga kwenye ukingo wa mbele anaacha nyuma yake kabari tupu inayotanuka, ramani kamili ya hasara aliyoisababisha. Kwenye bawa la mbele la ndege hizi, unga ulibaki hadi karibu nusu ya upana wa bawa, jambo ambalo wakati ule wahandisi wengi waliamini linapatikana maabara tu.

Asiye na kemikali hutumia oili. Oili chafu ya injini iliyochanganywa na mafuta ya taa na masizi kidogo inapakwa kwa brashi muda mfupi kabla ya kuruka, na mistari inayobaki inaonyesha hewa ilikopita, ilikosimama na ilikorudi nyuma. Inachafua kila kitu, nguo za rubani zikiwamo, na picha lazima zipigwe mara tu ndege inaposimama, kabla oili haijaanza kuteremka kwa uzito wake na kuandika uongo.

Tiba ya kwanza iliyoenea ilionekana kama upuuzi. Vibati vidogo, vyenye kimo cha milimita chache, vilibandikwa juu ya bawa la mbele safu moja, kila kimoja kikiwa kimekaa mshazari kidogo kwa mkondo wa hewa. Kila kibati kinazusha kisulisuli chembamba kinachoishusha hewa yenye kasi kutoka juu na kuichanganya na utando uliochoka, na utando ukipata nguvu mpya unaupanda mlima wa shinikizo bila kubanduka. Kwa maneno mengine, mtu aliyetumia miezi kulilainisha bawa sasa anaambiwa alipandikize miiba. Wenye ndege za Quickie, ambazo zilitumia umbo lile lile la GU na kuugua ugonjwa ule ule, nao walivibandika. Sehemu ya mwendo inapotea, lakini mvua inakuwa mvua tu.

Hata ndege maarufu kuliko zote za ukoo huu haikusalimika. Voyager, iliyobuniwa na Rutan na kurushwa na kaka yake Dick pamoja na Jeana Yeager, ilizunguka dunia bila kutua wala kuongezewa mafuta kati ya tarehe 14 na 23 Desemba 1986. Ilipojaribiwa kabla ya safari, bawa lake la mbele nalo lilionekana kupungukiwa nguvu mvuani. Ndege iliyobeba mafuta yenye uzito mara kadhaa kuliko wa kwake yenyewe haina akiba ya kuchezea, na njia yake ilipita ukanda wa tropiki wenye mawingu ya mvua. Walibandika vibati.

Maumbo ya mabawa ya Voyager yalichorwa na John Roncz, mtu aliyejifundisha mwenyewe elimu ya mwendo wa hewa na kuifanya kwa kompyuta. Ni yeye pia aliyebuni bawa jipya la mbele kwa Long-EZ katikati ya miaka ya 1980, umbo linalojulikana kama R1145MS. Badala ya kulitibu bawa la zamani, alilichora jipya ambalo kuvurugika kwa utando hakulitishi, kwa kuwa mlima wa shinikizo wa nyuma ni wa wastani. Wengi wa wajenzi waliofuata walichagua hilo, na baadhi ya wenye ndege za zamani walilitoa bawa lao la GU na kufunga hili.

Hapo ndipo ningependa msomaji asikimbie. Bawa la mbele la ndege hizi lina kazi ya pili. Limepangwa hewa ibanduke hapo kwanza, kabla ya mabawa makubwa. Rubani akivuta fimbo mno, bawa la mbele linaishiwa nguvu, pua inashuka kidogo yenyewe, kasi inarudi, na mabawa makubwa hayafiki kikomo. Ni kinga nzuri sana, mojawapo ya sababu zilizowavuta watu kwenye michoro ya Rutan. Lakini inategemea bawa la mbele kuwa dhaifu kwa kipimo sahihi. Ukiliimarisha kupita kiasi, kwa vibati vingi, kwa kulirefusha, au kwa uzito kukaa nyuma mno, unaweza kuinua pua hadi hewa ibanduke kwenye mabawa makubwa kwanza. Ndege ya umbo hili ikifika huko inaweza kushuka bapa, pua ikiwa juu, na fimbo ya usukani ikawa haina la kusema. Baadhi ya ndege za Velocity, zilizo za ukoo wa bawa la mbele, ziliwahi kushuka hivyo, na ukingo wa mbele wa mabawa yake makubwa ulilazimika kubadilishwa. VariEze yenyewe iliongezewa vipande vilivyoinamisha ukingo wa mbele wa sehemu ya nje ya mabawa makubwa, na Long-EZ ikawekewa mapezi madogo matatu chini ya ukingo wa mbele wa kila bawa, yote kwa lengo moja: hewa isiyatupe mabawa makubwa kabla ya lile la mbele.

Kwa hiyo anayebadilisha bawa la mbele amebadilisha ndege. Sheria za Marekani zinalijua hilo. Ndege ya kujijengea husajiliwa kama ya majaribio, na neno hilo huandikwa wazi mahali abiria anapoingilia. Mwanzoni inapewa kipindi cha kujaribiwa, kwa kawaida saa 25 kama injini na propela ni jozi iliyokwisha kuidhinishwa, au saa 40 kama sivyo, ndani ya eneo lililotengwa na bila kubeba abiria. Mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, FAA, imetoa hata kitabu cha mwongozo cha kazi hiyo, AC 90-89. Kikija kipindi ambacho mwenye ndege anafanya badiliko kubwa, anarudi kwenye majaribio kwa angalau saa 5.

Saa hizo zinaweza kupotezwa kwa kuzunguka mji ukitazama mashamba. Mwenye akili anazigawa. Kwanza anahakiki kipima mwendo, kwa kuruka pande tatu au nne na kulinganisha na GPS, kwa sababu tundu la kupimia shinikizo tulivu likiwa mahali pabaya namba zote zitakazofuata ni za uongo. Anapima joto la vichwa vya silinda, na ikibidi anapitisha mpira mwembamba wenye maji ya rangi kutoka chumba cha injini ili aone kama hewa inayoingia kupoza inatoka au inagoma. Kisha anapunguza mwendo hatua kwa hatua, uzito ukiwa mbele kwanza, halafu nyuma kidogo kidogo, akitazama nyuzi za bawa la mbele na za mabawa makubwa kwa pamoja, na kuandika kwa kila mwendo zipi zimeanza kugeuka.

Mvua ndiyo ngumu. Haiji kwa ratiba, na kuitafuta kwa makusudi na ndege usiyoijua ni ujinga. Ila ukanda wa mchanga wa wahandisi wa Langley unaweza kuigwa uwanjani: utepe mwembamba wenye meno ya msumeno, unaouzwa kwa ajili ya ndege zisizo na injini, unabandikwa urefu wote wa bawa la mbele karibu na ukingo wake, siku ya jua, na ndege inarushwa juu sana kabla ya kuthubutu kuitua hivyo. Pua ikiinama, mwenyewe anajua ni kiasi gani, anahitaji kuivuta fimbo kwa nguvu gani, na aongeze mwendo wa kutua kwa kiasi gani. Anaziandika namba hizo tatu kwenye kitabu cha ndege, chini ya neno mvua, na nakala yake anaigundisha kwenye dashibodi.